ReaEQ: ikwalaiza kavu inayofanya kazi kuliko inavyoonekana

Ukiifungua ReaEQ, plagini (programu ndogo inayokaa ndani ya programu ya kurekodi) ya kupandisha na kushusha masafa ya sauti, kwa mara ya kwanza utadhani walioitengeneza waliisahau njiani. Haina picha ya vifundo vya chuma, haina taa zinazowaka, wala haijabandikwa jina la mhandisi maarufu pembeni. Kuna mstari, vidoti vinne vyenye namba, slaida tatu na menyu ya kuchagua aina ya filta. Basi. Lakini kwa kazi za kila siku za kumiksi, yaani kukata mvumo wa chini, kutoa tope, kumpa mwimbaji nafasi yake katikati ya vyombo, ni vigumu kutaja jambo la maana ambalo plagini ya bei kubwa italifanya na hii ishindwe. Zipo kazi inazoshindwa, na zitatajwa hapa bila kuzifunika. Ila lawama nyingi inazotupiwa si zake. Ni za upana wa bendi uliowekwa ovyo, na za sikio lililodanganywa na sauti kubwa.

ReaEQ inatoka Cockos, kampuni ya Justin Frankel, yuleyule wa kicheza muziki cha Winamp. Imo tayari ndani ya REAPER, programu ya Cockos ya kurekodi na kumiksi, iwe kwenye Windows, macOS au Linux. Kama unatumia programu nyingine ya kurekodi na kompyuta yako ni ya Windows, utaipata bure kwenye kifurushi cha ReaPlugs pamoja na ndugu zake ReaComp, ReaGate, ReaXcomp (kompresa inayobana kila eneo la masafa peke yake) na ReaFIR. Mwenye Mac asiyetumia REAPER hapa hana chake, maana ReaPlugs ni ya Windows tu.

Inafunguka ikiwa na bendi nne: shelfu ya chini (inayoinua au kushusha kila kilicho chini yake) kwenye 100 Hz, bendi mbili za kawaida kwenye 300 na 1000 Hz, na shelfu ya juu (ya kila kilicho juu yake) kwenye 5000 Hz. Zote ziko sifuri, kwa hiyo mpaka uguse kitu, sauti inapita kama ilivyoingia. Kitufe cha Add band kinaongeza bendi nyingine na nyingine tena. Hutafika mahali ukaambiwa zimekwisha. Kila bendi unaweza kuigeuza aina: shelfu, bendi ya kawaida, High Pass ya kukata chini, Low Pass ya kukata juu, Notch ya kutoboa masafa membamba, Band Pass ya kubakiza kipande tu, na All Pass ambayo haipunguzi wala kuongeza chochote ila inageuza fezi, yaani mpangilio wa mawimbi katika muda. Pembeni kuna slaida ya geini (kiasi cha kupandisha au kushusha) ya jumla. Wengi hawaigusi kabisa, na ndiyo iliyotakiwa kuguswa kuliko zote. Tutairudia.

Upana ndio mtihani

Masafa, geini na upana: hivyo ndivyo vitu vitatu vya ikwalaiza ya parametriki tangu George Massenburg alipoiwasilisha kwa jina hilo mbele ya Audio Engineering Society mwaka 1972. Plagini nyingi huandika upana kwa namba ya Q, ambapo namba ikipanda bendi inakuwa nyembamba. ReaEQ inaandika kwa oktava (oktava moja ni masafa kuongezeka mara mbili), ambapo namba ikipanda bendi inatanuka. Hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Mtu anasoma ushauri mahali kwamba "kata 400 Hz kwa Q ya 2", anaandika 2.00 kwenye Bandwidth, halafu anashangaa sauti imebaki mifupa.

Anachokuwa amekifanya ni hiki. Oktava 2 ni sawa na Q ya kama 0.67, yaani pana sana. Oktava 1 ni Q ya 1.4. Nusu oktava ni Q ya 2.9. Theluthi ya oktava ni Q ya 4.3. Kwa hiyo yule aliyeambiwa Q ya 2 alipaswa kuandika kama 0.7. Hesabu hizi ni za makadirio, maana kila plagini ina namna yake ya kupima ukingo wa bendi, na ReaEQ yenyewe ina aina mbadala za bendi ya kawaida ambazo umbo lao linatofautiana kidogo. Lakini zinatosha kukuzuia usipotee.

Na upana unaoletwa na kiwanda ni huohuo 2.00. Chukua bendi ya 300 Hz, ishushe desibeli 4 bila kugusa upana, kisha tazama mchoro. Umegusa kuanzia kama 150 Hz hadi 600 Hz. Kwa mwimbaji wa kiume hapo umechukua sehemu kubwa ya mwili wa sauti yake pamoja na tope ulilokuwa unalifuata. Punguza upana uwe 1.00 na mkato unabana kati ya kama 212 na 424 Hz. Tope limetoka, kifua kimebaki. Kwa kutoa kasoro, anza na 1.00 ushuke. Kwa kuongeza utamu, anza na 1.50 upande. Wa kuongeza kwa bendi nyembamba ajue sauti italia kama bomba, kwa sababu noti chache zinainuka na jirani zake zinabaki chini.

Shelfu nazo zina upana, na ukiushusha sana unatokea usumbufu ambao si wote wanauona: kabla ya kona ya shelfu panachomoza kinundu upande mmoja na kishimo upande wa pili. Wapo wanaokitumia kwa makusudi kwenye besi. Kama hukukikusudia, acha shelfu kwenye 2.00.

Kukata chini

Filta ya High Pass ya ReaEQ inashuka desibeli 12 kwa kila oktava. Ukiiweka 80 Hz, kwenye 40 Hz utakuwa umeshusha takriban desibeli 12, na kwenye 20 Hz takriban 24. Kwa kishindo cha mguu sakafuni au upepo wa kiyoyozi mara nyingi hiyo inatosha. Haitoshi kwa mlipuko wa "p" na "b" uliogonga maiki kwa karibu, na hapo jibu ni kuweka High Pass mbili juu ya masafa mamoja upate mteremko wa desibeli 24. Kumbuka tu kwamba kila moja inapunguza kama desibeli 3 hivi pale pale kwenye kona, kwa hiyo zikiwa mbili kona yenyewe inazama mara mbili. Kama moja ilikaa vizuri kwenye 80 Hz, mbili ziweke 70.

Upana wa High Pass unaamua kona iweje. Karibu na 2.00 kona inateremka laini. Shusha hadi 1.00 au chini ya hapo na kona inanyanyuka juu ya sifuri kabla ya kuanguka. Hicho kinundu kwenye kiki (ngoma ya mguu) kinaweza kuwa kizuri mno: unakata takataka zilizo chini ya 45 Hz na wakati huohuo unapata msukumo palepale juu yake. Kwenye sauti ya mwimbaji ni kero tupu.

Tabia ya kuweka High Pass ya 100 Hz kwenye kila traki haina sababu. Waya mzito wa gita, E ya chini, unapiga 82.4 Hz, wa besi unapiga 41.2 Hz. Ukikata gita kwenye 100 Hz ndani ya miksi yenye besi na kiki, hakuna atakayelia. Wimbo wa gita pekee na mwimbaji, ukikata hapo umeondoa sakafu ya wimbo. Tena filta inageuza fezi hata juu ya kona yake, na jambo hilo huzaa mshangao mwingine: unakata, halafu mita ya kilele inapanda badala ya kushuka. Plagini haijaharibika. Vipande vya wimbi vilivyokuwa vikifutana sasa vimesogea, vimekutana kwingine. Hutokea zaidi kwa sauti ambayo tayari imebanwa na limita (inayozuia sauti isipite kiwango ulichoweka). Ndiyo maana kazi ya ikwalaiza hukamilika kabla ya limita, na ukikata chini baada yake utapita kiwango ulichodhani umekilinda.

Sauti ya mwimbaji, hatua kwa hatua

Tuseme ni sauti ya kiume, imerekodiwa kwa maiki ya kadioidi (inayosikia zaidi upande wa mbele), mdomo uko sentimita 10 hivi kutoka kwenye maiki. Ukaribu huo unavimbisha besi. Ni tabia ya maiki za aina hiyo zote. Cheza wimbo mzima. Kitufe cha solo, kinachobakiza traki moja peke yake, kiache.

Geuza bendi ya kwanza iwe High Pass. Anzia 60 Hz, uipandishe taratibu hadi usikie sauti inaanza kupungua uzito, kisha urudi nyuma 10 au 20 Hz. Kwa mwanamume utaishia karibu na 80 hadi 100. Kwa mwanamke mara nyingi 120 hadi 150.

Bendi ya pili ni Band, 250 Hz, upana 1.20, geini ya kukata 3. Hapo umegusa takriban 165 hadi 380 Hz, ambako uvimbe wa ukaribu na mwangwi wa chumba kidogo hukaa pamoja. Sogeza masafa kidogo kidogo, 220, 280, 320, ukisikiliza ni wapi maneno yanatoka nje ya vyombo. Ukihisi unahitaji kukata zaidi ya 6, simama kwanza. Ama upana ni mkubwa mno, ama tatizo ni gita na kinanda vilivyojaa hapohapo, na dawa iko kwenye traki zao.

Bendi ya tatu itumie tu ikiwa sauti inatokea puani. Jaribu kukata 2 katika eneo la 800 hadi 1200 Hz, upana 0.80. Kama haitokei puani, bendi hii iondolee tiki ya Enabled uiache. Si lazima kila kidoti kiwe na kazi.

Ongeza bendi nyingine kwenye 3500 Hz, upana 1.50, geini 2. Hilo ndilo eneo linalobeba uwazi wa maneno, na pia ndilo linalochosha sikio upesi kuliko yote. Mwisho, isogeze shelfu ya juu kutoka 5000 hadi 10000 Hz na uiongeze 2 kwa ajili ya hewa. Kuiacha 5000 kama ilivyokuja ni kuongeza "s" na "sh" pamoja na hiyo hewa, kisha utaanza kutafuta plagini ya kuzipunguza.

Mambo yanaharibika kwa mtindo mmoja karibu kila mara. Mtu amekata 250 Hz kupita kiasi, sauti ikawa nyembamba. Akaona haisikiki, akaongeza 3500. Ikaanza kuchoma, akaongeza besi ili ilainike. Sasa ana ikwalaiza yenye bendi saba zinazokimbizana, na sauti ni ileile ya mwanzo ila kubwa na yenye kelele. Ukijikuta hapo, zima plagini nzima usikilize ghafi. Mara nyingi ghafi ilihitaji mkato mmoja tu.

Halafu kuna ule mchezo maarufu wa kuinua bendi nyembamba na kuipitisha huku na huko kuwinda masafa mabaya. Una faida, lakini una mtego: ukiinua desibeli 10 kwa upana wa 0.20, kila masafa yatasikika mabaya. Inua 6 kwa upana wa 0.50, pita haraka, sekunde chache tu, na amini pale tu ambapo kitu kiliruka tofauti na jirani zake. Kama hakuna kilichoruka, hakuna cha kukata. Njia nyingine iliyo safi zaidi ni kugeuza bendi kuwa Band Pass kwa muda: unabaki unasikia kipande hicho peke yake kwa ukubwa wake wa kweli, kisha unairudisha kuwa Band na kuikata.

Slaida ya pembeni

Sikio hupenda kilicho kikubwa. Tofauti ya desibeli 1 inatosha kukufanya useme "imekuwa bora" ilhali imekuwa kubwa tu. ReaEQ haina hila ya kusawazisha ukubwa kwa ajili yako, kwa hiyo kazi ni yako: ukimaliza kupanga bendi, zima na uwashe plagini ukisikiliza ukubwa, na ushushe geini ya jumla mpaka tofauti ya ukubwa ipotee. Ndipo uhukumu. Hukumu hiyo huua nusu ya nyongeza ulizozipenda dakika tano zilizopita, na zilizobaki huwa ni za kweli.

Bendi zinazopandana hujumlishwa kwa desibeli. Nyongeza ya 3 kwenye 200 Hz na nyingine ya 3 kwenye 250 Hz, zote zikiwa pana, zinakaribia 6 katikati. Soma mstari wa jumla, usisome vidoti.

REAPER inaongeza juu ya kila plagini kifundo cha kuchanganya ghafi na iliyochakatwa. Kwa bendi za kawaida kinafanya kazi kama kipunguza nguvu: mlima wa 6 ukiuweka nusu kwa nusu unakuwa kama 3.5. Lakini kwa High Pass usikiamini. Nusu ya sauti ghafi inapita bila kukatwa, kwa hiyo chini kabisa utapata mkato wa desibeli 6 tu, na filta yako imegeuka kuwa shelfu bila wewe kutaka.

Kiki na besi

Hawa wawili hupigana vikumbo chini ya 120 Hz, na ReaEQ inawaamua vizuri. Sikiliza nani mwenye chini halisi ya wimbo. Kama ni besi, ipe kiki mlima mdogo kwenye 80 hadi 90 Hz na kata hapohapo kwenye besi, 2 au 3 kwa upana wa 0.80. Kama ni kiki, iinue kwenye 55 Hz na ukate besi hapo, kisha uipe besi 700 hadi 1000 Hz kidogo ili noti zake zisikike hata kwenye spika ya simu, ambayo haitoi 55 Hz kwa dawa yoyote. Sauti ya boksi kwenye kiki iko 300 hadi 500 Hz, na hapo kukata 5 au 6 ni jambo la kawaida, halihitaji kuombewa ruhusa.

Kwenye traki ya mwangwi, weka High Pass ya 300 Hz na Low Pass ya 7000 Hz. Hiyo peke yake husafisha miksi iliyojaa ukungu.

Inakoshindwa

ReaEQ haijui kusubiri. Mkato wa 6500 Hz uliouweka kwa ajili ya "s" unakaa pale wimbo mzima, hata pasipo na "s". REAPER ina njia ya kuifanya isikilize: gusa slaida ya Gain ya bendi hiyo, bonyeza kitufe cha Param juu ya dirisha, ingia kwenye Parameter modulation, washa Audio control signal, na uweke mwelekeo uwe hasi. Sasa geini inashuka kadiri sauti inavyopanda. Shida ni kwamba inasikiliza traki nzima, kwa hiyo neno lolote la nguvu litaikandamiza "s" isiyokuwepo. Ili isikilize "s" peke yake, tengeneza traki ya pili yenye sauti hiyohiyo, iwekee High Pass mbili za 5000 Hz, ikate isiende kwenye Master, kisha itume kwenye chaneli 3 na 4 za traki ya mwimbaji na uchague chaneli hizo kwenye dirisha la modulation. Inafanya kazi, na ukishaijenga unaweza kuihifadhi. Lakini kusema kweli, kwa "s" inayochoma, bendi moja ya ReaXcomp kati ya 5000 na 9000 Hz inamaliza kazi kwa dakika mbili. Mwenye kuhitaji ikwalaiza ya namna hiyo kila siku na atafute plagini iliyozaliwa nayo, kama TDR Nova, ambayo nayo ina toleo la bure.

Haina pia kitufe cha kutenganisha katikati na pembeni. Unaweza kuifikia kwa kuzunguka: JS (plagini ndogo zilizomo ndani ya REAPER) ya kusimba Mid/Side kabla yake, ya kusimbua baada yake, na katika dirisha la pini za plagini unaondoa tiki za chaneli ya 1 ili ReaEQ ishughulikie pembeni tu. Wanaofanya hivi mara moja kwa mwezi hawatalalamika. Wanaofanya masta kila siku watachoka na waya hizo.

Juu kabisa ya masafa, mchoro unabanwa. Katika mradi wa 44.1 kHz hakuna sauti kupita 22050 Hz, na bendi pana iliyowekwa 16000 Hz hulazimika kurudi sifuri ifikapo ukutani, kwa hiyo upande wake wa kulia unakuwa mwembamba kuliko wa kushoto. Kwa hewa ya juu tumia shelfu ya 10000 au 12000 Hz, sauti itakuwa laini zaidi. Mradi wa 96 kHz unasogeza ukuta huo mbali, lakini kubadilisha mradi mzima kwa ajili ya bendi moja ni kujitwisha mzigo bure.

Kuhusu fezi, maneno ni mengi kuliko madhara. ReaEQ haicheleweshi sauti. Chini ya dirisha la plagini ndani ya REAPER utaona 0 kwenye hesabu ya sampuli. Gharama yake ni kugeuza fezi karibu na kila bendi, kama zinavyofanya ikwalaiza za vifaa vya mezani, na kwenye traki moja inayojitegemea hutalisikia hilo. Utalisikia pale chombo kimoja kimerekodiwa kwa maiki mbili. Ukiweka High Pass ya mteremko mkali kwenye maiki ya juu ya snea (ngoma ndogo yenye nyaya chini yake) na ile ya chini ukaiacha, zikichanganywa mwili wa snea unaweza kuondoka ghafla. Tiki ya Show phase itakuonyesha kwa nini. Dawa ni kuzikusanya maiki zote mbili kwenye traki moja ya kundi na kuweka ikwalaiza hapo, au kuweka filta ileile kwa zote mbili. Anayetaka fezi isiguswe kabisa aende ReaFIR katika hali ya EQ. Atalipa kwa ucheleweshaji, ambao kwa kumiksi hauna neno ila kwa kumrudishia mwimbaji sauti yake hedifoni wakati wa kurekodi haufai.

Mwonekano nao una kasoro zake. Ukitaka kuona spektra kwa kina, weka JS: Frequency Spectrum Analyzer Meter baada yake. Kulinganisha mipangilio miwili, njia nyepesi ni kuweka ReaEQ mbili kwenye traki moja na kuwasha moja huku umezima nyingine. Ni nyepesi mno kwa prosesa kiasi kwamba kuweka makumi yake kwenye mradi si tatizo. Tangu REAPER 6 inawezekana kuupachika mchoro wake moja kwa moja kwenye paneli ya traki au kwenye miksa, ukavuta vidoti bila kufungua dirisha. Ukishazoea hilo, kurudi kwenye plagini inayofungua dirisha kubwa lenye mbwembwe ni kero.

Jambo moja la kufanya siku ileile unapoanza kuitumia: tengeneza mpangilio wako wa kuanzia. Bendi ya kwanza High Pass ya 40 Hz ikiwa imezimwa, ya pili 250 Hz na ya tatu 1000 Hz zote zikiwa na upana wa 1.00, ya nne 3500 Hz kwa 1.50, na shelfu ya juu ya 10000 Hz. Bonyeza alama ya kujumlisha kando ya orodha ya mipangilio, uihifadhi iwe ndiyo inayofunguka kila mara. Zile 2.00 za kiwandani zitakuwa hazikusumbui tena.